Juu ya Kupanga na Kuandika Tasnifu ya Uzamivu

Tasnifu ya uzamivu ni jawabu refu la swali moja. Maneno haya ni mepesi kuyasema, walakini tasnifu nyingi za lugha na fasihi zinazowekwa katika maktaba za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hazikuanza na swali; zilianza na orodha ya sura. Mtahiniwa hupokea mpango ulio tayari: usuli wa mada, tamko la tatizo, malengo, umuhimu wa utafiti, mapitio ya maandishi, nadharia, mbinu, uchambuzi na hitimisho. Kisha huketi akajaza kila sehemu kama mtu ajazaye hati ya forodha, na sehemu zote zikishajaa hudhani kwamba kazi imekwisha.

Mpango huo haukosi faida. Humkumbusha mwandishi mambo ambayo mtahini atayadai, na humwonyesha msomaji mahali pa kutafuta kila jambo. Ubaya wake hutokea pale unapofanywa pazia la kuficha ukosefu wa swali. Hapo kurasa mia tatu zaweza kuandikwa kwa bidii na kwa sarufi safi, na mwisho wake msomaji asijue ni jambo gani lililokuwa halijulikani ambalo sasa limejulikana.

Na ichukuliwe Buzwagi, karibu na mji wa Kahama katika Mkoa wa Shinyanga, iwe kipimo cha maneno haya. Mkataba wa mgodi wa dhahabu wa mahali hapo ulitiwa saini London mwezi wa Februari 2007, ukazua mjadala mkali Bungeni mwezi wa Agosti mwaka huohuo. Mgodi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009 katika shimo la wazi. Mwezi wa Machi 2017 Serikali ilizuia kusafirisha nje makinikia, yaani mchanga wenye shaba, dhahabu na fedha, yaliyotoka Buzwagi na Bulyanhulu. Kamati mbili za Rais zikayachunguza, na neno hilo likawa kinywani mwa kila mtu. Mwaka 2021 uzalishaji ulikoma. Hapana shaka kwamba pana utafiti mahali kama hapo.

Mtahiniwa mwenye haraka akifika Kahama huandika anwani ya namna hii: "Matumizi ya Lugha katika Jamii za Wachimbaji wa Madini Kanda ya Ziwa." Anwani hiyo ina heshima ya sauti, lakini haina mpaka. Lugha ipi: Kiswahili, Kisukuma au Kinyamwezi? Wachimbaji gani: walioajiriwa na kampuni, au wachimbaji wadogo wa maduara na makarasha? Miaka ipi? Mtu aliyejipa kazi ya kueleza yote hayo ataishia kukusanya msamiati na kuupanga kwa alfabeti. Mshika mawili moja humponyoka, na huyu ameshika kumi.

Sasa na yatazamwe maneno matatu tu ya ukanda huo. Marudio ni mchanga wa wachimbaji wadogo uliokwisha kuoshwa mwaloni, ambao bado una dhahabu na huuzwa ili uchenjuliwe tena. Magwangala, neno lililovuma sana Geita, ni mawe ambayo mgodi mkubwa huyatupa kuwa mabaki, na wananchi huyadai ili wayatafutie riziki. Makinikia ni zao la mtambo, lililokuwa likipakiwa katika makontena kwenda ng'ambo. Vitu vyote vitatu ni vumbi na mawe machoni pa mpita njia. Tofauti yake imo katika jina na katika mwenye kulitaja: mmoja aona takataka pale mwenzake aonapo mali.

Hapo swali huzaliwa: je, majina ya vitu hivi yaliamua vipi, katika midomo ya wachimbaji, katika magazeti na katika Bunge, nini kiitwe mabaki na nini kiitwe utajiri? Swali hili lina alama tatu za swali jema. Ushahidi wake wapatikana, kwa kuwa taarifa rasmi za Bunge zipo, magazeti ya 2017 yapo, na wasemaji wangali hai. Jawabu lake laweza kuwa kosa, maana huenda ikadhihirika kwamba majina yalifuata bei wala hayakuiongoza. Na likijibiwa, maarifa ya lugha yameongezeka kwa kiasi kinachopimika.

Sura nazo hutoka katika swali hilo bila kulazimishwa: moja ya maneno kinywani mwa wachimbaji, moja ya maneno katika maandishi ya umma, moja ya mahali ambapo makundi hayo mawili yalipokutana na kugombana. Nadharia huitwa pale ushahidi unapoihitaji. Katika tasnifu nyingi nadharia huingia katika sura ya pili kwa shangwe, kisha haionekani tena mpaka hitimisho, mfano wa mgeni rasmi aliyefungua mkutano akaondoka. Mapitio ya maandishi yana ila kama hiyo: fulani alisema hivi, fulani alisema vile, bila mwandishi kupima nani alikaribia swali na aliishia wapi.

Vielelezo vya kazi yenye mpaka havikosekani. M. M. Mulokozi, katika tasnifu yake ya mwaka 1986 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakuandika juu ya fasihi simulizi ya Afrika yote. Alishika tendi za nanga za Wahaya, na kwa njia hiyo akapata la kusema juu ya utendi wa Kiafrika kwa jumla. Frank Gunderson alishika vyama vya kazi na muziki vya Wasukuma katika tasnifu yake ya Wesleyan, Marekani, mwaka 1999. Kitabu chake cha nyimbo za kazi za Wasukuma kilitoka mwaka 2010 kikiwa na nyimbo zaidi ya 300. Wote wawili walipita mlango mwembamba, wakakuta nyumba pana ndani.

Katika kuandika, yafaa mtahiniwa aanze siku ya kwanza ya kukusanya, wala asingoje mpaka madaftari yajae. Maneno ya msemaji na yaandikwe kwa lugha aliyoyatamka, tafsiri ifuate pembeni, kwa sababu asili ikipotea hakuna mtahini awezaye kuipima tafsiri. Aliye Kahama na akumbuke kwamba msimu wa mvua ni msimu wa jembe, na mkulima hana saa ya kuhojiwa. Asili ya neno isikisiwe kwa sauti: makinikia hufanana na kitenzi makinika, lakini kufanana si ushahidi. Jina la mchimbaji asiye na leseni lisitajwe. Sura ya uchambuzi iandikwe kwanza na utangulizi uandikwe mwisho, kwa kuwa hakuna awezaye kumkaribisha mgeni katika nyumba ambayo bado hajaijenga.

Jambo hili si la adabu ya chuo peke yake. Mgodi ukifungwa, watu wake hutawanyika kwenda Geita, Nyamongo na kwingineko, na maneno yao huondoka nao. Shimo la Buzwagi litabaki hata miaka mia. Mazungumzo ya wale waliolichimba hayatangoja. Tasnifu iliyojaza sehemu zote bila kuuliza lolote itampa mwandishi wake joho, lakini Kahama haitapata kitu.