Diski Iliyogawanywa Vizuri Utaijuaje

Nikikagua kompyuta ya nyumbani yenye Linux, huanza na nafasi ambayo haijagawiwa, kisha ndipo nitazame patisheni zenyewe. Fundi mzuri hugawa pungufu. Anajua kwamba ext4 huongezwa ukubwa kompyuta ikiendelea na kazi, lakini kuipunguza ni mpaka iondolewe kwanza kwenye matumizi. XFS ndiyo usitegemee kuipunguza kabisa. Ukitoa kidogo utaongeza kwa dakika chache. Ukitoa kingi, jioni nzima imekwenda, na roho juu kwa ajili ya data.

Hata mahali pa nafasi hiyo pana maana. Patisheni hukua kuelekea mwisho wake. Nafasi iliyo mbele ya mwanzo wake haifai kitu mpaka data yote ihamishwe. Angalia basi kama pengo limefuata mara baada ya patisheni inayotarajiwa kujaa. Aliyetumia LVM hana shida hii, kwani LVM huokota nafasi popote ilipo.

Chukua laptopu ya RAM GB 8 na SSD ya GB 256. Patisheni ya EFI ningeipa GB 1. Mfumo wenyewe, GB 50: Ubuntu ya mezani huomba 25, lakini programu za Snap na Flatpak hubeba maktaba zake na hukaa chini ya /var, kwa hiyo 25 huisha upesi. /home ianze na 120, na iwe peke yake, ili siku ya kusakinisha upya picha za familia zisiguswe. Zinazobaki, ziache.

Ujuzi hasa hupimwa kwenye swapu. Kanuni ya kuifanya mara mbili ya RAM ni ya enzi za RAM ya megabaiti. Ukikuta RAM ya GB 32 na swapu ya 64, aliyeipanga alikariri tu. Programu moja ikila kumbukumbu bila kiasi, mashine hiyo itajikokota muda mrefu ikijaza swapu, kabla keneli haijaikatisha programu hiyo. Muulize mwenye kompyuta: unataka kuizima kabisa, kisha ukiiwasha ukute kazi zako zote zimefunguliwa kama ulivyoziacha? Akisema ndiyo, swapu ilingane na RAM au izidi kidogo, na iwe kwenye diski. Zram, ambayo Fedora imeitumia tangu toleo la 33 la mwaka 2020, haifai kwa hilo, kwa kuwa hubana data ndani ya RAM yenyewe. Akisema hapana, GB 4 zinatosha. Ziwe faili, kama Ubuntu ilivyoanza kufanya mwaka 2017, maana faili hubadilishwa ukubwa bila kugusa patisheni.

Swapu kuwa na data si dalili mbaya, kwani keneli huhamishia huko kumbukumbu isiyoguswa. Endesha vmstat 1 wakati wa kazi nzito, utazame safu za “si” na “so”. Namba zake zikipanda na kushuka bila kutulia, nunua RAM. Swapu kubwa zaidi haitakusaidia.

Kuna jambo wengi hawalitazami: ext4 hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya root. Kwenye patisheni ya mfumo hilo ni jema. Kwenye /home ya GB 120 ni GB 6 zimefungiwa bure, na tune2fs -m 1 hukurudishia karibu 5.