Kuonyesha na Kukumbusha: Lugha ya Kabati Tupu katika Maonyesho ya Mali za Kenya Zilizo Ughaibuni

Maneno maonyesho na makumbusho hutumika pamoja katika shughuli za uhifadhi wa utamaduni bila tofauti yake kuzingatiwa. Yote mawili yana asili yake katika vitenzi vya kauli ya kutendesha. Kuonyesha ni kumfanya mtu aone. Kukumbusha ni kumfanya akumbuke. Kitendo cha kwanza humhitaji mtazamaji tu. Cha pili humhitaji mtu aliyewahi kujua, kwa kuwa mtu hawezi kukumbushwa asilolijua. Tofauti hii ya kisemantiki ni kigezo kifaacho cha kuhakiki maonyesho ya sanaa yanayoshughulikia athari za ukoloni, hususan maonyesho ya Invisible Inventories, yaliyoanzia katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi mwaka 2021 na kuendelea Cologne na Frankfurt nchini Ujerumani.

Maonyesho hayo yalitokana na mradi uliowakutanisha wataalamu wa makumbusho ya Kenya na Ujerumani, wasanii wa The Nest Collective wa Nairobi na wale wa kundi la SHIFT. Mradi uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vyenye asili ya Kenya vinavyohifadhiwa katika taasisi za nje. Katika ukumbi wa Nairobi yaliwekwa makabati ya kioo yasiyo na kitu ndani. Uamuzi huo ulibadili swali la mtazamaji. Badala ya kuuliza "hiki ni nini?" alilazimika kuuliza "kiko wapi?"

Usomaji uliozoeleka wa kabati tupu ni kwamba linasubiri kujazwa. Usomaji huo hautoshi. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, ilitwaliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902 na kuingia British Museum mwaka 1908. Kwa desturi ya wenyewe, Ngadji haikuwa chombo cha kuwekwa mbele ya macho ya kila mpita njia. Kuirudisha kutoka London na kuiweka ndani ya kioo Nairobi kungekuwa kuihamisha tu kutoka ghala moja hadi dirisha jingine. Kwa chombo cha namna hiyo, kabati tupu lina adabu kuliko kabati lililojaa, kwani linakumbusha bila kuonyesha.

Hata hivyo, kitu kisipokuwapo, mzigo wote wa maana huangukia maneno yaliyoandikwa kando yake. Hapo sarufi huwa sehemu ya kazi ya mwandaaji. Lebo ikisema "ilipatikana mwaka 1902", kauli ya kutendeka inaondoa kabisa nafasi ya mtenda. Ni kana kwamba ngoma ilijitokeza yenyewe. Ikisema "ilichukuliwa", kauli ya kutendwa inaacha nafasi ya mtenda baada ya kiunganishi na, lakini nafasi hiyo inaweza kubaki wazi bila sentensi kuharibika. Ni katika "maofisa wa serikali ya kikoloni waliitwaa" tu ndipo mtenda anapokuwa kiima na kuwajibika kwa kitenzi chake. Mwaka ni ule ule na ngoma ni ile ile, lakini historia zinazosimuliwa ni tatu.

Haja ya kumtaja mtenda haikomi kwa mkoloni. Vigango, nguzo za mbao zinazosimamishwa na Wamijikenda kwa ajili ya marehemu waliokuwa wanachama wa chama cha Gohu, viliibwa kwa wingi baada ya uhuru na kuuzwa kwa wakusanyaji wa Marekani. Vigango viwili vya familia moja ya Kigiriama vilipigwa picha na mwanaanthropolojia Monica Udvardy mwaka 1985. Viliibwa baadaye, vikaonekana katika makumbusho ya Marekani, na vikarudishwa kijijini mwaka 2007. Katika mnyororo huo yumo mwizi wa kijijini, dalali na mnunuzi. Jumla ya vitu 32,000 ni hoja nzito ya kisiasa, lakini huweka katika safu moja kilichotwaliwa kwa amri ya serikali, kilichonunuliwa na kilichoibwa usiku na mtu wa jirani. Neno ukoloni likibebeshwa yote hayo, linageuka kuwa mtenda asiye na uso, na watu waliotenda hupata maficho.

Jina la maonyesho nalo linastahili kuhojiwa. Limetolewa kwa Kiingereza, tena kwa istilahi ya karani anayehesabu mali ya ofisi. Mwenye Ngadji hakuwa na orodha. Alikuwa na jina. Maonyesho yanayodai kumrudishia sauti yanapaswa kuanza na jina hilo, kisha yamtaje aliyetwaa, na pale desturi inapokataza chombo kutazamwa, katazo hilo liandikwe wazi kuwa ndiyo sababu ya utupu. Waandaaji wa Invisible Inventories walifanikiwa kumwonyesha mtazamaji ukubwa wa pengo. Kazi iliyobaki kwa watakaofuata ni ya kukumbusha, na hiyo haiwezi kufanyika bila Wapokomo na Wamijikenda kushiriki katika kuziandika lebo zenyewe, kwa sababu wao ndio wenye kumbukumbu inayohitaji kuamshwa.