Ukuta wa Sebuleni: Pambo au Ukumbusho?

Hivi majuzi tulialikwa chakula nyumbani kwa mmoja wa wahitimu wetu, aliyepata kazi na kuoa ndani ya mwaka mmoja. Ukuta mkuu wa sebule yake ulikuwa na picha tisa, tatu kwa tatu, katika fremu nyeusi zinazolingana, na nafasi kati yake ilikuwa imepimwa kwa rula. Ilikuwa kazi nadhifu. Picha ya katikati ilionyesha mti mkavu na jua linalotua. Tulipomwuliza ni mahali gani, mwenyeji wetu alicheka, akasema, "Mwalimu, ile ilikuja na fremu."

Jibu hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Washauri wa kupanga picha ukutani ni wengi siku hizi, na ushauri wao si wa kubeza. Wanatuambia tuzipange picha sakafuni kwanza. Tukate makaratasi yenye ukubwa wa fremu na kuyabandika ukutani kabla ya kupiga msumari wowote. Tuache sentimita 5 hadi 8 kati ya fremu na fremu. Na kitovu cha mpango mzima kiwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Kipimo hicho cha mwisho tunakitilia shaka. Kimetoka katika majumba ya sanaa, ambako watazamaji husimama na kutembea. Sebuleni kwetu watu huketi, tena viti vimeegemea kuta. Wazee wetu walitundika picha karibu na dari, zikiinama mbele kidogo kana kwamba zinamsikiliza mgeni. Walizidisha, tunakiri, lakini sababu yao ilikuwa na mantiki: picha ionekane juu ya vichwa vya walioketi upande wa pili. Anayetaka kupima vizuri na aketi kitini kwanza.

Hata hivyo, rula haijibu swali lililo gumu zaidi: ni picha ipi ikae ukutani, na kando ya ipi? Kwa swali hili tunamwomba msomaji atufuate hadi Lubumbashi, katika lililokuwa jimbo la Katanga (likiitwa Shaba kati ya 1971 na 1997), ambako Kiswahili ni lugha ya mtaani na ya kazini.

Miaka ya 1970 wachoraji wa huko walichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga na kuuza kwa bei ambayo karani au mfanyakazi wa mgodini aliimudu. Wanunuzi wao wengi walikuwa wenyeji, na picha zilikwenda moja kwa moja sebuleni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka hiyo, alichunguza picha hizo zilikuwa na kazi gani. Neno alilolikuta vinywani mwa watu ni ukumbusho.

Walimu wa sarufi watuvumilie hapa. Kutokana na kumbuka tunapata kumbusha, na kutokana na kumbusha tunapata ukumbusho. Nomino hii imezaliwa na kitenzi cha kusababisha. Picha yenyewe haikumbuki kitu. Kazi yake ni kumfanya mtu akumbuke, na akishakumbuka, aseme. Pambo, kwa upande mwingine, linatokana na pamba, na linatosheka na kutazamwa. Mtu wa Lubumbashi aliyeiita picha yake ukumbusho alikuwa ametoa nadharia nzima ya sanaa kwa neno moja, tena la Kiswahili.

Tuchukue picha mbili zilizopendwa sana. Ya kwanza ni mamba muntu, kiumbe aliye nusu mwanamke, nusu samaki, ambaye husemwa kuwa humtajirisha mwanamume anayeitunza siri yake. Ya pili ni ile iitwayo "Colonie Belge", ambayo mara nyingi huandikwa miaka 1885–1959. Ndani yake mfungwa amelazwa kifudifudi, askari Mwafrika anamchapa kiboko, na ofisa wa Kibelgiji anatazama. Ziweke picha hizi mbili kwenye ukuta mmoja. Mgeni atauliza utajiri unatoka wapi na nani anaulipia, hata kama wachoraji wawili tofauti hawakukusudia hivyo. Swali hilo limeandikwa na mwenye nyumba kwa nyundo na misumari. Kwa maoni yetu, yeye ni mhariri, na hajapewa sifa anayostahili.

Upungufu huu tunauona hata katika kitabu kikuu cha fani hii, Remembering the Present, ambacho Fabian alikitoa mwaka 1996. Kinahusu Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947, ambaye mnamo 1973 na 1974 alimchorea Fabian historia ya Zaire kwa picha 101, akaisimulia kwa Kiswahili. Ni kitabu cha heshima: kila picha imefuatana na maneno ya mchoraji mwenyewe. Tshibumba alijua thamani ya ujirani. Katika picha ya kifo cha Lumumba alichora misalaba mitatu nyuma ya maiti, na hapo mtazamaji hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini mfululizo wa picha 101 ulitengenezwa kwa ajili ya profesa. Hakuna sebule ya mfanyakazi iliyoweza kuubeba, na leo mahali pake ni makumbusho huko Amsterdam. Tukiusoma kutoka ya kwanza hadi ya mwisho tunamsikia mchoraji barabara, ila yule aliyenunua moja tu, akaitafutia jirani ukutani kwake, amenyamaza. Tshibumba naye hajulikani alipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo hatutamwuliza.

Jambo jingine linatugusa sisi wa idara. Kitabu hicho kinatoa masimulizi kwa tafsiri ya Kiingereza. Maandishi ya Kiswahili yalitolewa baadaye, mwaka 1998, katika Archives of Popular Swahili, na yanapatikana bure kwenye intaneti. Ni wangapi kati yetu tumeyafundisha? Tumewasikia wanafunzi wakikiita Kiswahili hicho kibovu, kwa kuwa wanakuta "batu" palipo na watu na Kifaransa kimechomekwa kila mahali. Nasi tumewaachia, kwa sababu kusahihisha viambishi ni rahisi kuliko kujibu hoja. Huku tunaagiza istilahi za uhakiki kutoka ng'ambo, ukumbusho limekaa miaka yote likitusubiri.

Muhula ujao tutasoma sehemu ya masimulizi ya Tshibumba na darasa la mwaka wa pili, katika Kiswahili chake kama alivyokisema. Kila mwanafunzi atakuja na maelezo ya picha moja iliyotundikwa nyumbani kwao: iko ukutani upi, jirani yake ni ipi, na ni nani katika nyumba hiyo anayeisimulia mgeni akiuliza. Mhitimu wetu naye ameomba kuhudhuria. Tumemwambia asije na ule mti.