Kibanda Kisicho na Kibao

Mwulize mtu wa shirika pa kula Arua, atakutajia hoteli yenye kuku na chipsi. Ukiniuliza mimi, nitakupeleka vibandani, kule kusikokuwa na kibao wala menyu. Lakini si kila kibanda. Sisi wa kambini tunavisifu vyote kwa huruma: eti masikini, mama anajitahidi. Kwa hiyo mpishi mzuri na mpishi mvivu wanapata sifa ileile. Mi naona hiyo ni kuwadharau wote wawili.

Tuanze Oli, mtaa wa Wanubi wengi, kwa kisra. Unga wa mtama unachachushwa, unamwagwa kwenye bamba la chuma lenye moto, unapanguswa haraka mpaka unakuwa mwembamba kama karatasi. Mi napima uchachu tu. Unga uliolala usiku mzima una ukali kidogo mdomoni, na ule ukali ndio unaobeba mchuzi wa bamia kavu. Mwenye haraka anazidisha ngano, kisra inatoka nyeupe, laini, bila ladha. Kibanda ninachorudia mara kwa mara pale Oli kinalaza unga vizuri kabisa. Mchuzi wake, lakini, unaogelea kwenye mafuta, na mafuta yanaua bamia.

Karibu na soko kuu wanapika chakula cha Walugbara: enyasa, yaani ugali mzito wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi, pamoja na osubi, majani ya kunde yaliyoungwa kwa simsim au karanga. Siku nzuri kuna na angara, samaki mkavu wa Nile. Wakimbizi wengi tunapita pale tukisema hicho ni chakula cha wenyeji. Kwani tunaishi kwa nani? Tunalima ardhi ya koo zao lakini hatujui sahani yao. Osubi yenye simsim iliyosagwa siku hiyohiyo ndiyo mboga bora niliyokula Arua, na pale sijawahi kukuta mtu aliyevaa kitambulisho cha shirika shingoni.

Koboko, kwenye barabara ya kwenda mpaka wa Oraba, madereva wa malori ya Juba wanataka nyama choma. Ukiuliza vizuri utapata sombe, maana Wakongo wa Lobule hawako mbali na mawese yanavuka kutoka upande wa Congo. Sombe haitaki haraka: majani yatwangwe, yachemke saa nyingi. Sahani niliyokula mwisho ilitolewa motoni mapema, halafu ikafichwa kwa vidonge vya viungo. Majani yalikuwa bado na ukakasi. Nilimwambia mama. Akanijibu, “Mwanangu, umeuliza bei ya makaa?” Jibu lake ni la kweli, na sombe yake ilikuwa mbichi. Yote mawili yanapaswa kuandikwa.

Kwa nini nasumbuka hivi? Mwaka 2023 WFP iligawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu ya msaada, na kundi la tatu halikupata kitu. Najua kina mama walioanza kuuza chakula baada ya hapo, na sufuria moja tu. Na kwenye kikundi changu wapo vijana waliozaliwa hapahapa, wanaojua posho na maharage tu. Hao watajifunza ladha ya kwao kibandani. Wakijifunza sombe mbichi, watadhani ndiyo sombe yenyewe.

Basi, ndugu wa shirika, mkutano ujao agizeni kisra badala ya soda na keki. Na wewe jirani yangu, lipa bei yote bila kuomba punguzo, halafu mwambie mama chumvi imezidi. Kesho rudi uonje tena.