Kabla ya Kuuliza Mti Unamaanisha Nini

Mbele ya picha ya kisurealisti, watu wengi hukimbilia ishara: ndege ni uhuru, ufunguo ni siri, basi wameridhika. Anza na macho kwanza.

Chukua La Condition humaine ya mwaka 1933, kazi ya Mbelgiji René Magritte, iliyoko National Gallery of Art, Washington. Ni chumba chenye dirisha na mapazia ya kahawia. Mbele ya dirisha kuna stendi ya mchoraji, na turubai iliyo juu yake imechorwa mandhari ileile ya nje: mti, majani, njia, mawingu. Kila mstari umeungana na mwenzake, hata unadhani unatazama nje moja kwa moja.

Sogea karibu. Ukingo wa kulia wa turubai ni ukanda mweupe wenye misumari midogo iliyowamba kitambaa. Upande wa kushoto, turubai imelivamia pazia kidogo. Juu, kibanio cha stendi kinaelea angani. Ukiacha miguu ya stendi, hayo ndiyo yanayofichua ghiliba. Yafute, utabaki na dirisha la kawaida. Yazidishe, utapata kiinimacho cha sherehe ya watoto. Ustadi umo katika kipimo hicho. Na je, nyuma ya turubai kuna mti? Sote tunaapa upo, ilhali hakuna aliyeuona, na hata hiyo “nje” ni rangi tu.

Tazama pia mkono wa mchoraji. Magritte aliwahi kubuni nakshi za karatasi za ukutani na matangazo ya biashara, na uchoraji wake ni mkavu, hauna mbwembwe za brashi. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi naona brashi ingejitangaza, jicho lisingekubali kudanganyika.

Ishara zije mwisho, tena kwa tahadhari. Nyuso zilizofunikwa kitambaa katika Les Amants, ya 1928, wengi huzihusisha na mama yake, aliyekufa maji mwaka 1912 katika mto Sambre, Magritte akiwa na miaka 13. Mwenyewe aliikataa tafsiri hiyo. Maelezo yakikufanya usiwe na haja ya kuitazama picha tena, yatilie shaka.

Kwa picha za waigaji wa usurealisti, zilizojaa saa zilizoyeyuka na macho yenye mabawa, fanya jaribio moja: kichwani mwako, ondoa saa, weka samaki. Ikiwa hakuna kilichoharibika, mchoraji alikuwa anapanga mapambo, hata bei iwe ya kutisha namna gani.