Wasomaji wa Zebaki wa Kericho

Karatasi yenyewe haina mvuto. Safu ya kwanza ni miezi, Januari hadi Desemba. Ya pili ni wastani wa joto la juu, ya tatu la chini, ya nne wastani wa hayo mawili. Ukishika ya Kericho utachoka kabla hujafika Juni, maana mji ule uko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, na hauna kipupwe cha kugandisha maji wala kiangazi cha kuunguza nyasi. Asubuhi jua, adhuhuri mawingu yanajikusanya, alasiri mvua, na siku nyingine mvua ya mawe inayochanachana majani ya chai. Kesho yake, hivyo hivyo. Apendaye takwimu zenye kishindo aende jangwani.

Mimi naipenda karatasi hiyo. Naihesabu kuwa kazi ya mikono, tena ya ustadi usio haba, na ushahidi wangu ni ubishi mmoja mrefu wa wanasayansi.

Mwaka 2002 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Simon Hay na wenzake kuhusu malaria katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Ugonjwa ulikuwa umerudi kwa kishindo mahali ambapo baridi ilizoeleka kuwa kinga, nao wakauliza kama joto limeongezeka. Walichunguza sehemu nne: Kericho, Kabale nchini Uganda, Gikonko Rwanda na Muhanga Burundi. Wakasema hawakuona badiliko la maana. Ila nambari zao za joto zilitoka katika jedwali la makadirio, ambamo dunia imekatwa miraba na kila mraba ukapewa joto lake kwa kukisia kutokana na vituo vilivyopo. Nchi ya milima haikubali kukisiwa namna hiyo. Kutoka Kericho kushuka hadi Kisumu, kando ya ziwa, ni safari ya saa chache tu kwa matatu, lakini abiria anaondoka na sweta na kufika akitafuta kivuli. Mraba mmoja waweza kuwameza wa juu na wa chini pamoja.

Ubishi ukaendelea. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake walizirudia sehemu zilezile kwa hesabu nyingine, wakaona joto linapanda. Kisha mwaka 2011 Judy Omumbo na wenzake, mmoja wao akitoka Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, wakafanya jambo ambalo mtu wa kawaida angedhani ndilo lililofanywa tangu mwanzo: walikwenda kwenye vitabu vya kituo chenyewe cha Kericho, siku baada ya siku, kuanzia 1979 hadi 2009, wakavihakiki. Joto la juu, la chini na la wastani, yote yalikuwa yakipanda kwa kiasi cha nyuzi 0.2 kila miaka kumi.

Nyuzi 0.2 hakuna ngozi inayoihisi. Lakini kwa hesabu inayotumiwa sana na watafiti wa malaria, kimelea cha ugonjwa huo kikiwa ndani ya mbu huhitaji takriban siku 55 kukomaa kwenye nyuzi 18. Ongeza nyuzi 0.6, yaani miongo mitatu ya kasi ile ya Kericho, na siku hizo zinapungua hadi karibu 43. Mbu wengi hufa kabla ya hapo, ndiyo, lakini si wote, na kila siku inayopunguzwa huwaongezea nafasi wale wachache wenye maisha marefu. Sisemi joto peke yake ndilo lililorudisha malaria; dawa ya klorokwini ilikuwa imeshindwa na vimelea, na hilo nalo lina uzito wake. Nasema tu kwamba swali zito kama lile liliishia kutegemea sehemu mbili za kumi, na kwamba sehemu hizo zilionekana kwa sababu kuna watu walikuwa wamezisoma sawasawa kwa miaka thelathini.

Kusoma sawasawa ni kazi gani? Hebu fikiri. Kwa siku moja tu, kati ya alfajiri na alasiri, joto la Kericho hupanda zaidi ya nyuzi kumi. Katikati ya mpando na mshuko huo unatafuta nyuzi 0.2 iliyotawanywa katika siku zaidi ya elfu tatu na mia sita. Mti uliopandwa karibu na uwanja na kuachwa ukue waweza kuifuta. Ukuta mpya waweza kuifuta. Rangi nyeupe iliyochujuka ikaacha mbao zinywe jua nayo yaweza kuifuta, au kuibuni pale isipokuwepo.

Ndiyo maana vipimajoto huwekwa ndani ya kisanduku cheupe chenye miguu, kuta zake za vipande vya mbao vilivyoinama, hewa ipite na jua lisiingie. Aliyekibuni ni Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa kule Uskoti, baba yake yule mwandishi wa Kisiwa chenye Hazina. Mwana amesomwa dunia nzima. Kisanduku cha baba kimesambaa vilevile na hakuna anayeuliza kilitoka wapi. Vipimajoto hukaa kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini. Huku kwetu kwenye ikweta kuna jambo ambalo Uskoti hawakuwa na haja nalo: jua hupita kaskazini yetu miezi kadhaa, kisha kusini. Kwa hiyo kisanduku hufaa kiwe na milango miwili, na msomaji afungue ule uliopewa kisogo na jua.

Saa tatu asubuhi anafungua. Kitu cha kwanza ni haraka, kwa sababu mwili wake ni jiko na pumzi yake ni mvuke. Husoma kwanza sehemu za kumi, ndipo asome nyuzi kamili. Sehemu za kumi ndizo zinazokimbia akisimama pale, nyuzi kamili zitamsubiri. Jicho liwe sambamba na ncha ya zebaki. Mrefu huinama, mfupi hupanda kijukwaa. Kipimajoto cha joto la juu kina koo jembamba ambalo zebaki hupita ikipanda na haiwezi kurudi yenyewe, hivyo kilele cha jana bado kipo pale kinangoja. Cha joto la chini kina spiriti na kijiti kidogo kinachovutwa kuelekea kwenye baridi na kuachwa hapo. Akishasoma na kuandika, anatazama tena, kwani kosa la kawaida halipo kwenye sehemu za kumi bali kwenye nyuzi tano au kumi nzima. Ndipo anapokishika cha kwanza na kukitikisa zebaki irudi, na cha pili anakiinamisha kijiti kiteleze hadi ukingo wa spiriti. Dakika chache, basi. Kesho tena, na Idi, na Krismasi.

Fundi wa kuchonga milango ya Lamu hufurahi ukisema, “Huu ni mkono wa fulani.” Msomaji wa zebaki akisifiwa hivyo ameharibu. Na mkono hujulikana! Watu wavivu, au waliochoka, hupenda kuishia na sifuri au na tano. Ukihesabu tarakimu za mwisho za mwaka mzima na kukuta sifuri na tano zimejaa, nambari tatu na saba zikiwa yatima, unajua aliyekuwa zamu alikuwa akikisia. Anayetunga nambari za siku ambayo hakuamka hujulikana pia, maana joto la kubuni huwa pole mno, halina zile siku za ajabu ambazo hewa halisi hutupa bila sababu.

Kwangu mimi kilele cha ufundi huu ni nafasi tupu. Kipimajoto kimevunjika, au mto umefurika na msomaji hakuvuka: asiandike kitu. Hakuna wastani wa jana na kesho, hakuna “lazima ilikuwa kama nyuzi 23.” Shirika la Hali ya Hewa Duniani lina kanuni juu ya hilo: mwezi uliokosa siku 11 au zaidi, au siku tano mfululizo, haupewi wastani. Safu inabaki wazi. Ofisini baadaye watu wa kompyuta hupenda kuijaza nafasi hiyo kwa alama kama -99.9, na ole wake mtafiti mgeni anayesahau kuiondoa. Atagundua kwamba kijiji fulani cha tropiki kiliwahi kuganda kuliko Antaktika. Lakini hilo ni kosa la kuchekesha na hukamatwa mapema. Nafasi iliyojazwa kwa nambari ya kubuni inayofanana na kweli haikamatwi na mtu.

Saa nayo haichezewi. Marekani, wasomaji wa kujitolea wengi walikuwa wakisoma jioni, kisha miaka ilivyopita wakahamia asubuhi. Ukisoma jioni na kutikisa zebaki wakati bado kuna joto, mabaki ya siku ya moto huhesabiwa tena kesho yake hata kama kesho imepoa. Walipohama, wastani ulishuka pasipo hewa kubadilika, na wataalamu wakalazimika kusahihisha rekodi za miongo mingi. Haikuwa hila ya mtu. Kila mmoja alihamisha saa yake kwa sababu njema.

Sasa zebaki yenyewe inaondoka. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unaitaka dunia iachane na vifaa vyenye zebaki, na ni haki, kwani ni sumu. Mitambo inayojiendesha inawekwa, haisinzii, haipendi sifuri wala tano, na hutuma nambari zake usiku na mchana. Sina ugomvi nayo. Ila mtambo hauoni kwamba kichaka kimevuka uzio au kwamba nyigu wamejenga ndani ya kisanduku, na mtambo mpya una tabia yake, tofauti na ya kipimajoto kilichotangulia. Kwa hiyo vyote viwili viachwe uwanjani pamoja, mwaka mmoja kwa uchache, ikiwezekana miwili, na mtu aendelee kufungua mlango saa tatu asubuhi kana kwamba mtambo haupo. Tofauti itakayoonekana iandikwe kwa tarehe katika kitabu kilekile, hata ikiwa ni nyuzi 0.2 tu, maana bila maandishi hayo mjukuu wa mtafiti atakayekuja Kericho hatajua kama kilichopanda ni joto au ni kifaa.