Namna ya Kupima Kilabu cha Mnazi

Kilabu cha mnazi cha kificho, kwa kipimo cha pwani kati ya Kunduchi na Bagamoyo, ni uwanja ulio nyuma ya nyumba au ndani ya shamba, usio na kibao, unaouza tembo lililogemwa papo hapo au shamba la jirani. Sehemu ya mwisho ya maelezo hayo ndiyo inayosahauliwa. Siku hizi zinasifiwa sehemu za "siri" zenye uzio wa makuti, kijilango cha mbao na taa za rangi, ambako mteja kutoka Masaki, Dar es Salaam, anamiminiwa tembo lililosafiri nusu siku ndani ya dumu, kisha anarudi mjini kuwasimulia wenzake kwamba amekunywa mnazi wenyewe. Mara nyingi alichokunywa kimeongezwa maji, sukari na hamira.

Kificho peke yake si sifa. Bagamoyo ni mji wa misikiti na wa watu wanaojuana hadi kwa babu. Mnywaji anajificha ili asionwe na mkwewe, basi. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 nayo inataka leseni, na wasiokuwa nayo wana sababu zao za kukaa nyuma ya migomba. Ugumu wa kupaona mahali hauthibitishi ubora wowote, na panapojitangaza kuwa pa siri hapastahili kuingiwa.

Upimaji huanzia juu, kwenye vilele. Minazi inayogemwa huonekana: vibuyu vinaning'inia kwenye makarara yaliyofungwa, na shina lina ngazi zilizokatwa kwa panga. Mgema hukwea asubuhi na jioni, na kila mara huchonga ncha ya karara kwa kotama. Stadi huondoa kipande chembamba kama ganda la kitunguu; mwanagenzi hukata nene, na karara humalizika kabla ya wakati wake. Mnazi mmoja hutoa kiasi cha lita moja au mbili kwa siku, hesabu ambayo haimhitaji mwalimu: uwanja wenye minazi sita na wanywaji arobaini una jambo la kueleza. Minazi mirefu ndiyo ya kugemwa. Tembo la kitamli, yaani mnazi mfupi, ni jepesi, halikai ulimini, na anayebishia hilo hajawahi kunywa la mnazi mrefu.

Kisha saa. Tembo huanza kuchacha likiwa bado kileleni, kwa chachu iliyomo kibuyuni na hewani. La asubuhi limelala kwenye ubaridi wa usiku, kwa hiyo ni tamu. La jioni limepigwa na jua mchana kutwa, kwa hiyo ni kali. Likifika kesho yake linaelekea kwenye siki. Hakuna tembo zuri la saa nane mchana, ingawa hiyo ndiyo saa wanayofika wageni wa Jumamosi.

Baada ya hapo ndipo huja jambo ambalo mgeni hulikosa daima, nalo ni nyuki. Utomvu wa mnazi una sukari nyingi, na nyuki huufuata hadi ndani ya kibuyu, wakazama humo pamoja na sisimizi na vipepeo wadogo wa usiku. Tembo lililoshushwa sasa hivi huwa na wadudu hao juu yake. Mgeni akimwona nyuki mmoja kwenye kata husonya, hurudisha, huomba la "safi". Mwenyeji hufanya kinyume: kabla hajakaa hutupa jicho kwenye kilifu, zile nyuzi za mnazi zinazochujia tembo, kwani hapo ndipo historia ya tembo la siku hiyo imeandikwa. Kilifu chenye nyuki waliolowa, mabawa yamegandamana, pamoja na vipande vya maganda ya karara, kinasema kwamba kibuyu kimetoka juu. Kilifu kikavu, au chujio jipya la plastiki linalong'aa, linasema kwamba kilichomo kilichujwa kwingine, na mtu mwingine, saa isiyojulikana. Matapeli wamekwisha kuligundua hilo. Wapo wanaookota nyuki waliokufa na kuwatupia juu ya maji ya sukari. Lakini nyuki aliyekufa kabla ya kutupiwa huelea mkavu, mabawa wazi, na kidole kimoja kinatosha kumbaini. Kaskazini zaidi, Kilifi na Malindi nchini Kenya, kwenye vilabu viitwavyo mangwe, tembo hunywewa kwa mrija wenye kichujio nchani. Ni desturi ya heshima, ila inamnyima mnywaji ushahidi wake.

Mgema mzee ana kipimo cha ziada. Hutega sikio kwenye mdomo wa kibuyu: tembo lililo hai huchemka lenyewe, kwa sauti ndogo ya mfululizo. Lililotiwa hamira hutoa povu kubwa likitikiswa, kisha hunyamaza. Wengine hutia maji ya mchele ili kupata weupe. Methali inayomlaumu mgema kwa kulitia tembo maji inamwonea. Maji huingia chini, kwenye dumu, mikononi mwa mchuuzi ambaye hajawahi kukwea hata mpera.

Chombo cha kunywea kiwe kifuu au kata. Bilauri inavumilika. Chupa ya plastiki iliyokuwa na maji ya dukani haivumiliki.

Kuhusu chakula maneno ni machache: samaki wa kukaanga aliyenunuliwa asubuhi hiyo kwenye soko la samaki la Bagamoyo, muhogo wa kuchoma, pweza akipatikana. Kilabu kinachouza chipsi kimeshakata tamaa na samaki.

Viwanja vizuri vimepungua, na si kwa kosa la wanywaji pekee. Ugonjwa wa kufa kwa minazi umepita pwani hii ukiacha vigogo visivyo na vichwa. Jitihada hazikukosekana: mradi wa taifa wa kuendeleza minazi ulianza mwaka 1979, na kituo cha Chambezi, Bagamoyo, kimepandwa aina nyingi za majaribio. Palipobaki minazi, viwanja vya nyumba vimefika: Bunju, Mapinga na Kerege zamani zilikuwa mashamba ambamo mtu aliongozwa na harufu ya tembo, sasa anaongozwa na ukuta wa matofali. Mwenye mnazi naye hupiga hesabu, maana karara linalogemwa halizai nazi.

Kipimo cha mwisho hufanywa usiku, wakati wa kufunga, kwa kuangalia tembo lililobaki linapelekwa wapi. Kilabu kibovu hulihifadhi, na kesho yake hulichanganya na la asubuhi ili kuongeza ujazo. Mnywaji hulitambua kwa ukali unaokuja mwishoni, nyuma ya utamu. Kilabu kizuri hulimimina kwenye mtungi wa siki, na siki hiyo hiyo ndiyo inayotiwa kwenye kachumbari ya samaki.